Kiyoyozi cha Gari na Fizikia ya Darasani

Kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ipo Kibirizi. Kutoka hapo maboti ya abiria huelekea vijiji vya mwambao wa kaskazini na hifadhi ya Gombe, na hapo dagaa na migebuka hupandishwa nchi kavu. Penye maboti hapakosi magari. Teksi, magari madogo ya abiria na pikapu za mizigo husubiri juani. Mengi ya magari hayo yalitumika kwanza Japani, yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha yakasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kufika ziwani.

Gari la namna hiyo likifikisha umri wa miaka 20 huanza kuonyesha dalili ambazo kila dereva anazifahamu. Kiyoyozi hupuliza hewa ya moto. Feni hukwama kwenye kasi moja. Taa za vitufe huzimika gari linapopita shimo, zikawaka tena shimo la pili. Dawa ya kwanza inayotolewa, mara nyingi, ni kujaza gesi. Isipofaa, hununuliwa kompresa ya mtumba. Hiyo nayo isipofaa, mwenye gari hukata tamaa, akafungua vioo.

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba dalili hizo mara nyingi zaweza kuchunguzwa, na kutibiwa, kwa maarifa ambayo tayari hufundishwa katika somo la fizikia la shule ya sekondari. Kuyaacha maarifa hayo yatumike kujibu maswali ya mtihani tu ni hasara kwa mwanafunzi, kwa fundi na kwa taifa.

Je, kiyoyozi ni anasa?

Huenda pakawa na msomaji atakayeuliza kwa nini taabu yote hii kwa ajili ya chombo cha starehe, hasa mahali penye upepo wa ziwa. Swali hilo linastahili jibu. Kiyoyozi hakipozi hewa tu, bali pia huikausha. Hewa yenye unyevu inapopita katika mabomba yake ya baridi, mvuke hugeuka maji, na maji hayo huchuruzika chini ya gari. Wakati wa mvua pumzi za abiria hugeuka ukungu juu ya kioo cha mbele, na hewa kavu ndiyo inayouondoa ukungu huo upesi. Dereva anayefuta kioo kwa kitambaa huku akiteremka mlima kwenye mvua hajakosa starehe, amekosa kuona. Na katika gari la wagonjwa lililofungwa vioo kwa sababu ya vumbi, hali ya hewa humo ndani ni sehemu ya matibabu.

Kazi ya bamba la saketi

Katika magari yenye kidhibiti cha elektroniki, nyuma ya vitufe vya kiyoyozi mna bamba jembamba lililotengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu, likiwa na njia za shaba juu yake. Juu ya bamba hilo vimelehemiwa vikinza, kapasita, transista, na chipu moja au zaidi. Kazi ya bamba zima ni kupokea habari na kutoa amri. Habari hutoka kwenye themista, yaani vikinza ambavyo ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Themista moja hupima hewa ya ndani ya gari, nyingine hewa ya nje, na nyingine ubaridi wa mabomba yanayopoza hewa. Amri huenda kwenye relei inayowasha kompresa, kwenye feni, na kwenye mota ndogo zinazofungua na kufunga njia za hewa.

Hakuna katika hayo jambo ambalo mwanafunzi wa kidato cha nne hawezi kulielewa. Kanuni ya Ohm, vikinza vya mfululizo na vya sambamba, kuchaji kwa kapasita, na kazi ya sumaku-umeme ndani ya relei ni mambo ya darasani. Kinachomtisha mtu ni udogo wa vitu hivyo na mazoea ya kuviona vikiwa vimefungwa ndani ya kasha.

Jinsi bamba linavyozeeka

Maadui wa bamba hilo ni watatu: joto, mtikisiko na unyevu.

Gari likiegeshwa juani, dashibodi yaweza kufikia nyuzi 60 za sentigredi au zaidi. Usiku hurudi kwenye nyuzi 20 hivi. Lehemu, ambayo ni mchanganyiko wa bati na risasi, hutanuka kuliko shaba inayoishikilia. Kila siku basi viungo vya lehemu huvutwa na kubanwa. Katika miaka 20 jambo hilo hutokea zaidi ya mara 7,000. Hatimaye hutokea ufa mwembamba kama unywele, aghalabu ukiwa umeizunguka miguu ya vifaa vizito na ya soketi za nyaya. Mashimo ya barabara humalizia kazi hiyo.

Adui wa pili yumo ndani ya kapasita za elektroliti. Kapasita hizo zina majimaji yanayopitisha umeme, na kwa miaka mingi majimaji hayo hukauka au kuvuja. Wahandisi hutumia kanuni ya makadirio kwamba kila joto linapopungua kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka maradufu. Kapasita iliyotengenezwa kudumu saa 2,000 kwenye nyuzi 105 itadumu kama saa 32,000 kwenye nyuzi 65. Muda huo ni mrefu, lakini una mwisho. Majimaji yakivuja hula njia za shaba zilizo karibu, yakaacha madoa ya kijani au ya kahawia.

Adui wa tatu, unyevu, haelezwi kwa urefu kwa mkazi wa kando ya ziwa. Huanzisha kutu kwenye pini za soketi na kwenye viungo vilivyokwisha kupata ufa.

Mfano wa hesabu

Ili ionekane jinsi ufa mdogo unavyoweza kudanganya mashine nzima, chukuliwe mfano ufuatao. Bamba linapeleka volti 5 kupitia kikinza cha omu 2,000, kisha kwenye themista ya mabomba ya baridi, ambayo mwisho wake umeungwa na upande hasi wa betri. Chipu husoma volteji iliyopo kwenye themista. Themista hiyo ina ukinzani wa omu 2,000 kwenye nyuzi 25, na karibu omu 6,000 kwenye nyuzi 0.

Kwenye nyuzi 25, themista na kikinza hugawana volti 5 nusu kwa nusu, na chipu husoma volti 2.5. Kwenye nyuzi 0, chipu husoma 5 × 6,000 ÷ 8,000, yaani volti 3.75. Imepangwa hivi: volteji ikifika 3.75, chipu ikate umeme wa kompresa, kwa sababu barafu ikianza kuganda juu ya mabomba, hewa haitapita.

Sasa kiungo kimoja kwenye njia hiyo kimeliwa na kutu, kikaongeza ukinzani wa omu 4,000. Gari linawashwa asubuhi, mabomba yakiwa kwenye nyuzi 25. Themista yenyewe ni nzima na ina omu 2,000, lakini kwa chipu jumla ni omu 6,000. Inasoma volti 3.75, inaamini kwamba kuna barafu, na inakataa kuwasha kompresa. Gesi ni ya kutosha, kompresa ni nzima, na chipu inatii agizo lake barabara. Kasoro ni kiungo kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama.

Mfano wa pili unahusu viungo vinavyopitisha mkondo mkubwa. Feni ikivuta ampea 20 kupitia kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, nguvu inayopotea hapo ni mraba wa mkondo mara ukinzani: 20 × 20 × 0.1, yaani wati 40. Hiyo ndiyo nguvu ya chuma cha kawaida cha kulehemia. Kwa hiyo kiungo kibovu hujiunguza chenyewe, na alama nyeusi inayoonekana kwenye plastiki ya soketi ni matokeo ya hesabu ambayo kila mwanafunzi amewahi kuifanya kwenye daftari.

Gharama ya kubahatisha

Anayejaza gesi bila kupima hulipia kitu ambacho hakikupungua. Gharama yake, hata hivyo, haiishii mfukoni. Magari yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya katikati ya 1990 mengi yalitumia gesi ya R-12, ambayo huharibu tabaka la ozoni na ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliweka msingi wa kuiondoa. Iliyoshika nafasi yake, R-134a, haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake ikitoroka hewani huzuia joto, kwa kipindi cha miaka 100, kama takriban kilo 1,400 za hewa ukaa. Mfumo wa gari dogo huchukua kati ya nusu kilo na kilo moja. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, nchi jirani ya Rwanda, yakakubaliana kupunguza matumizi ya gesi za jamii hiyo. Fundi anayemwaga gesi nzuri ili ajaze nyingine, kwa sababu ya kiungo cha lehemu ambacho hakukitazama, anafanya kinyume cha makubaliano hayo bila kujua.

Kubahatisha kuna ubaya mwingine, nao ni wa kielimu. Fundi akibadilisha kifaa hiki, kisha kile, hata gari likapona, hajui ni kipi kilichoponya. Gari la pili likija na dalili ileile ataanza upya. Apimaye kwanza hutoka na maarifa hata pale anaposhindwa kutengeneza.

Utaratibu wa kuchunguza

Uchunguzi mzuri huanzia kwenye yaliyo rahisi. Fyuzi, mkanda wa kompresa na relei hutazamwa kwanza. Kisha shinikizo la gesi hupimwa kwa geji badala ya kukisiwa. Baadhi ya magari ya Toyota yenye kidhibiti cha kujiendesha huonyesha tarakimu za hitilafu vitufe viwili maalumu vikishikiliwa pamoja wakati swichi inapowashwa. Ni huduma ya bure ambayo wenye magari wengi hawaijui. Baada ya hapo themista hupimwa kwa mita, kwanza ikiwa ndani ya maji ya barafu, halafu ndani ya maji ya uvuguvugu. Ukinzani ukibadilika taratibu na bila kurukaruka, themista ni nzima. Ikiwa themista ni nzima, na umeme unafika kwenye bamba, lakini amri haitoki, ndipo bamba lenyewe linapofunguliwa.

Hapo chombo cha kwanza ni jicho likisaidiwa na lenzi. Mwanga ukimulikwa kutoka upande, ufa huonekana kama pete ya kijivu kuzunguka mguu wa kifaa. Kapasita iliyovimba au yenye unyevunyevu chini yake hushukiwa. Bamba likiwa limeunganishwa na umeme, kugongagonga polepole kwa kijiti kikavu huonyesha mahali pa hitilafu inayokuja na kuondoka. Kulehemu upya huchukua sekunde chache: kiungo hupashwa joto, lehemu ya zamani iliyochoka huondolewa, na mpya huwekwa ikiwa na dawa ya kusafishia. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Ile isiyo na risasi, ambayo ilienea baada ya Jumuiya ya Ulaya kuweka masharti yake Julai 2006, huhitaji takriban nyuzi 217. Asiyejua tofauti hiyo ataunguza njia za shaba akidhani chuma chake ni kibovu.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba ni rahisi zaidi kununua kidhibiti kizima cha mtumba kutoka Kariakoo. Kwa mwenye haraka, labda ni kweli. Lakini kidhibiti hicho kimetoka kwenye gari la umri uleule, kimepigwa na joto kwa miaka ileile, na kapasita zake zimezeeka kwa kanuni ileile. Anayekinunua huenda amenunua ugonjwa uleule kabla dalili zake hazijatokea.

Wapo pia watakaosema kwamba si kila bamba hutengenezeka. Hilo ni sahihi. Chipu yenye programu ya mtengenezaji ikiungua, hakuna lehemu itakayoifufua, na fundi mwaminifu humwambia mwenye gari hivyo. Lakini ufundi hujua mipaka yake kwa kupima. Asiyepima huwaweka wagonjwa wote katika kundi la waliokufa.

Hoja ya tatu ni ya usalama, nayo isipuuzwe. Dashibodi ya magari mengi imefichwa ndani yake mfuko wa hewa unaolipuka wakati wa ajali. Kuifungua ni kazi ya fundi aliyefunzwa, betri ikiwa imeondolewa na muda wa kutosha umepita. Risasi ni sumu. Chumba cha kulehemia sharti kiwe na madirisha wazi, chakula kisiliwe mezani, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kwa hiyo mwanafunzi apewe bamba lililokwisha kutolewa na fundi, wala asifungue gari la mtu.

Funzo la meli ya Liemba

Mkoa wa Kigoma hauhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa thamani ya kutengeneza. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ilifunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mitambo yake grisi nzito. Mwaka 1924 meli iliinuliwa kutoka majini, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikahudumia watu wa mwambao kwa vizazi. Kilichoiokoa ni elimu: mafundi walijua kwamba chuma huharibiwa na maji pamoja na hewa, na kwamba grisi huvizuia vyote viwili visiguse chuma. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayomfanya fundi wa leo apake vanishi juu ya kiungo alichokilehemu.

Wajibu wa shule

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 ulilalamika kwamba shule zilimtenga mwanafunzi na kazi za jamii yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Nia hiyo ni njema, lakini ina hatari moja: huenda ikadhaniwa kwamba fizikia ni ya wale wa mkondo wa jumla, na bisibisi ni ya wale wa amali. Bamba la kiyoyozi linakanusha mgawanyo huo. Fundi asiye na kanuni ya Ohm atabahatisha. Mwanafunzi asiyewahi kushika mita atasahau kanuni hiyo wiki moja baada ya mtihani.

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja fungu jipya la fedha.

Kwanza, kila shule ikusanye mabamba mabovu. Karakana na maduka ya vipuri yaliyo Mwanga, Ujiji na kwingineko huyatupa. Mabamba 20 kwenye sanduku ni maabara ambayo haikuagizwa nje.

Pili, jaribio la daraja la mita, ambalo wanafunzi wengi hulifanya kwa waya usio na kazi nyingine, lifanywe kwa themista ya gari. Ukinzani wake upimwe kwenye nyuzi 0, 10, 20, 30 na 40, na grafu ichorwe. Mchoro utakaopatikana hautakuwa mstari ulionyooka, na mwalimu atakuwa na swali la kweli la kuwauliza wanafunzi: kwa nini?

Tatu, fundi wa umeme wa magari aalikwe darasani, naye mwalimu atembelee karakana. Fundi anayo mamia ya hitilafu kichwani mwake, na mwalimu ana sababu zake. Wakikaa meza moja, kila mmoja ataondoka na kitu alichokikosa, na mwanafunzi aliyekaa kati yao atapata vyote viwili.

Walimu watasema kwamba muda ni mfupi na muhtasari ni mrefu. Ni kweli. Lakini jambo linalopendekezwa haliongezi mada hata moja. Linabadilisha mfano tu. Badala ya kuuliza ukinzani wa vikinza A na B vilivyochorwa kwenye karatasi, mwalimu aulize kwa nini gari zima kabisa linapuliza hewa ya moto. Wanafunzi watapiga hesabu ileile, isipokuwa sasa watajua inamhusu nani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni mwembamba kuliko unywele, uko kwenye tone la lehemu, na vifaa vya kuuziba ni lenzi, mita na chuma cha wati 40. Taifa linaloagiza magari yaliyokwisha kutumika litaendelea kupokea nyufa za namna hiyo kwa maelfu. Wa kuziziba tayari wako madarasani, na kinachobaki ni kuwaruhusu wazione.